Picha Kali, Gari Zito

Mara tu Bryson alipotoka kwenda uani kunawa, Kristofa aliinyakua padi ya gemu na kuingia kwenye mipangilio ya skrini. Alikuwa na dakika moja, pengine mbili, kabla mdogo wake hajarudi kuchukua zamu yake.

Zamu ya kuendesha gari la kwenye gemu, na hawakuwa wakishindania soda. Mzee Yona, baba yao, alikuwa amelala chumba cha pili, figo zote mbili zimekwisha kazi. Vipimo vilionyesha kwamba kila mmoja wao anaweza kumpa moja, na madaktari walitaka jina kufikia Jumatatu. Watu wengine wangekaa kikao, wangemwita mchungaji. Hawa wawili, tangu utotoni pale Nguvumali, kila jambo waliliamua kwa gemu: nani ateke maji, nani alale karibu na dirisha. Na hili wakaliamua hivyohivyo, jamani. Mizunguko mitatu, kila mtu peke yake. Atakayechelewa ndiye atakayepasuliwa.

Wazo lilikuwa la Bryson. Kristofa alikubali haraka, akajuta haraka zaidi, maana tangu kijana yule ajue kushika padi yeye Kristofa hakuwahi kumshinda hata mara moja.

"Kaka, wewe hata upewe barabara peke yako utagonga," Bryson alizoea kumtania.

Mjanja huyu, aliwaza Kristofa. Amechagua mahali anapojua hashindwi.

Tuseme ukweli: Kristofa aliogopa kufa. Mkewe Loveness alikuwa na mimba ya miezi minane, na kila alipoligusa lile tumbo alijiona amelala chini ya shuka jeupe. Lakini kusema "naogopa" mbele ya baba, hilo nalo lilimshinda. Woga ukichanganyika na aibu huzaa hila.

Hila aliiokota Ngamiani, kwa fundi Idarusi, siku aliyonunua ile skrini ya mtumba.

"Mashine yako ya zamani kidogo hii," Idarusi alimwambia. "Ukiiweka 4K, picha kali, utahesabu mpaka majani. Lakini gari zito. Unakata kona sasa, lenyewe linakata baadaye. Ukitaka kutazama, weka 4K. Ukitaka kushinda, baki 1080. Na ukibadilisha itakuuliza kama una hakika. Sekunde kumi na tano zikipita hujajibu, inarudi 1080 yenyewe, haibembelezi mtu."

Kristofa alikuwa ameshamaliza mizunguko yake kwa 1080: dakika nne na sekunde kumi na mbili. Muda wa hovyo mbele ya Bryson. Sasa akachagua 4K, akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, ikarudi inang'aa, inauliza kama ana hakika. Hapohapo baba akaita kwa sauti iliyokauka.

"Kristofa, nigeuze mwanangu. Mgongo unawaka moto."

Akaitupa padi mkekani, akaenda. Alimgeuza mzee taratibu, akamfunika miguu iliyovimba, bila kumtazama usoni.

Aliporudi, Bryson ameshakaa, mikono bado ina maji.

"Nianze, kaka?"

"Anza."

Mzunguko wa kwanza Bryson alikwenda vizuri. Wa pili akakwenda vizuri zaidi, Kristofa jasho likamteremka mgongoni. Kumbe Idarusi muongo? Mzunguko wa tatu, kona ya mwisho, kona ambayo Bryson huikata huku anapiga soga, gari lilikwenda moja kwa moja mpaka ukutani. Likapinduka. Muda ukaendelea kuhesabiwa mpaka ukapita ule wa Kristofa.

Bryson aliiweka padi chini. Hakupiga kelele, hakudai marudiano.

"Gari zito leo," alisema. "Haya kaka, bahati yako. Kamwambie shemeji alale usingizi."

Kristofa alitaka kusema. Mungu ni shahidi, mdomo aliufungua. Halafu akaufunga. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, ndivyo walivyosema wahenga. Hawakusema inakuwaje mwoga na shujaa wakiwa wa nyumba moja.

Mzee Yona alipona. Bryson alikaa siku nne baada ya kupasuliwa, anawatania wauguzi; siku ya tano damu iliganda, ikaenda mapafuni. Walimzika Maramba, nyumbani kwa babu yao. Wiki mbili baadaye Loveness alijifungua mtoto wa kiume, wakampa jina la baba yake mdogo.

Tangu hapo Kristofa hakula akashiba. Nimemuua mdogo wangu kwa kidole kimoja, alijiambia kila alipomwona mzee akitembea uani kwa miguu yake mwenyewe. Mtoto alipolia usiku alimbeba, lakini jina lake hakuweza kulitamka. Mashine ya gemu ilibaki pale sebuleni imefunikwa khanga. Tangu siku ile hakuna aliyeigusa.

Jumapili moja, wametoka kanisani, mzee akakaa mkekani mbele ya skrini.

"Niwashie gemu la Bryson," alisema. "Nataka nilisikie gari lake."

"Baba, tuliache."

"Mwanangu, nimebeba figo ya mwenzio. Hata mlio wa gari lake nisiusikie?"

Kristofa aliiondoa ile khanga, akawasha. Kabla gari halijanguruma, aliingia kwanza kwenye mipangilio ya skrini ili aifute dhambi yake, airudishe picha ilivyokuwa.

Pale kwenye mstari wa picha palikuwa pameandikwa 1080.