Wa Kwanza Kushuka

Rogers alibonyeza kitufe cha kiti chake kwa nguvu, na kiti kikarudi nyuma kiasi cha upana wa kiganja. Akabonyeza tena. Kikagoma.

"Hili ndilo daraja la kwanza?" alimuuliza mhudumu. "Si ndege ile ile ya Mwanza, mmeiwekea pazia tu?"

"Ndiyo hiyo hiyo, kaka," mhudumu alijibu kwa upole. "Karibu sana."

Rogers akasonya. Alikuwa amempeleka mkewe Jovina kula Pasaka Nairobi, na Kimara nzima, kuanzia muuza chipsi hadi mwenyekiti wa mtaa, ilikuwa na habari kwamba watarudi kwa daraja la kwanza. Alitegemea kiti kinachogeuka kitanda, mtu unajinyoosha kama sultani. Na sasa magoti yake yalikuwa yanagusa ukuta.

Halafu wakamletea yule bibi.

Aliingizwa kwa mlango wa mbele, ameshikwa mkono kama yai. Kanga mbili zilizochuja, miguuni malapa. Mhudumu alimwinamia Jovina, akamnong'oneza, akamwomba ahamie kiti cha nyuma ili bibi awe karibu na mlango. Jovina akainuka, akampisha. Rogers ndiye aliyetoa macho.

"Kwani huyu kalipia huku?"

"Ni rubani mwenyewe kaagiza, kaka. Tunaomba utuvumilie."

Bibi akakaa kwenye ncha ya kiti, kama mtu aliyeketi kwenye fenicha ya wenyewe. "Hujambo, mwanangu."

"Poa," Rogers alijibu, akageukia dirisha. Shikamoo zake alikuwa akiwawekea watu wa maana.

"Mie naitwa Sesilia. Kwetu Temeke, Mtoni."

Hata usingesema, Rogers aliwaza, ingejulikana tu.

Ndege iliporuka, Bibi Sesilia alifumba macho, akashika mkono wa kiti mpaka vidole vikapauka. Alipoyafumbua, yalikuwa mekundu.

"Mzee Anselmo alikuwa anaogopa ndege huyo!" alisema. "Nikawa namtania, nikamwambia ipo siku tutapanda wote. Haya, leo tumepanda."

"Mumeo? Yuko wapi?"

"Yuko chini."

Chini! Rogers aliuma mdomo asicheke. Hata nyuma ya ndege hakujui kunaitwaje. Anadhani amepanda ghorofa.

"Sasa mama, wewe unajilia raha huku, mzee wa watu umemwacha huko?"

"Niliomba tukae pamoja. Wamesema haiwezekani."

"Si kwamba haiwezekani. Hajalipiwa."

Bibi alikunja ncha ya kanga, akaikunjua, akaikunja tena. Mwishowe akamsogelea kidogo.

"Eti mwanangu, wewe uliyezoea. Huko chini kuna baridi?"

"Baridi ya wapi! Wamebanana kama dagaa kwenye gunia."

Bibi akamgeukia kwa mshtuko. "Kumbe wako wengi?"

"Wamejaa pomoni."

"Maskini," alisema, akajiziba mdomo kwa kiganja. "Na wote wana watu wao."

Rogers alihisi kidole kikimchoma begani. Ni Jovina, anapenyeza mkono kati ya viti. "Mwache mama wa watu," alinong'ona. Rogers akausukuma ule mkono kama anayefukuza nzi.

Chai ya bibi ilikuja kabla ya juisi ya Rogers. Mhudumu aliileta mwenyewe, akachuchumaa kwenye ujia, akambembeleza anywe hata funda moja. Bibi akatikisa kichwa. Mwenye tiketi yake kamili alikaa pale na koo kavu, anatazama ya bure ikikataliwa.

Ndipo Rogers alipotoa simu, akaiegemeza kwenye goti na kumrekodi bibi kwa siri: malapa, kanga, kikombe kilichojaa, midomo inayocheza bila sauti. Magurudumu yalipogusa ardhi ya Dar es Salaam na mtandao ukarudi, akaituma kwenye kundi la marafiki zake. Akaandika chini yake: "Oneni maajabu. Bibi wa Temeke daraja la kwanza, babu katupwa nyuma. Wanaume tumekwisha!"

Vicheko vikaanza kumiminika.

Ndege iliposimama, sauti ya rubani ikawaomba abiria wote waendelee kukaa. Kuna mmoja angetangulia kushuka. Mhudumu alikuwa ameshafika kumchukua Bibi Sesilia.

Rogers akafungua mkanda, akasimama, kichwa kikagonga kabati la juu.

"Haiwezekani! Mie nimelipia kushuka wa kwanza. Huyu wa bure ndiye anapewa heshima?"

"Kaa chini, Rogers," Jovina alisema. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsemesha kwa sauti ile. Rogers akakaa.

Bibi Sesilia alimgusa mkono. "Nisamehe, mwanangu, nimekubana. Mungu awajalie mzeeke pamoja, wewe na mkeo." Kisha akaenda mlangoni pole pole, anaburuta malapa yake.

Rogers aliinua simu dirishani. Alitaka kuona hao ndugu wa Temeke watampokea vipi malkia wao, apate cha kuongezea kwenye kundi.

Nje, mlango wa mizigo ulikuwa wazi. Wapakuaji walikuwa wamevua kofia, wamejipanga kimya pande mbili. Katikati yao likateremka sanduku refu la mbao, lenye msalaba juu yake, na Bibi Sesilia akalipokea kwa mikono miwili, akainama, akaliwekea shavu.