Kitanzi cha Kapteni Selestini

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe 8 Julai 1996, saa kumi jioni, Kapteni Selestini akiwa kashavishwa kitanzi shingoni.

Lori la mnunuzi binafsi liliingia Mwamanyili na kipaza sauti: pamba safi, pamba fifi, changanya, lete! Eufrasia akakunja kona ya ukurasa, akafunga kitabu, pap!

"Unafungaje na mtu yuko kitanzini?" Malimi aling'aka.

"Kuchambua pamba kumekwisha, na kusoma kumekwisha. Mwakani, mume wangu."

Misimu tisa mume alichambua, safi huku, fifi yenye madoa kule, mke akimsomea maisha ya haramia huyo wa Kifaransa. Malimi hakuijua hata a, lakini ile meli aliijua tanga kwa tanga. Vidole vyake vikilegea, upepo ulikatika baharini. Akikazana, mizinga ilinguruma na Wahispania wakaporwa dhahabu. Kapteni alipenda michembe ya viazi vitamu kuliko nyama, na tangu hapo Malimi akawaheshimu Wafaransa. Hata giza likiingia Eufrasia aliendelea kusoma, koroboi haijawashwa. Zamani elimu ya watu wazima ilikuwa elimu kweli!

Mwakani haikumkuta Eufrasia. Wakubwa waliofungua soko ndio hao hao waliofunga dirisha la dawa za bure. Zahanati ilimpa Malimi karatasi akanunue dukani. Homa haikumsubiri arudi.

Msiba ulipokwisha, alikitia kitabu kwapani, akaenda shuleni kwa Mwalimu Gloria.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma. "Nisomee palipobaki, hapo penye kona. Kama wamemnyonga, niambie polepole."

"Nani huyo, baba?"

"We soma tu."

Mwalimu akasoma: "'Punguza miche, bakiza miwili kila shimo.'"

"Kaponyoka!" Malimi akapiga paja. "Yuko nchi kavu, analima!"

"'Pulizia dawa maua yanapoanza...' Baba, hizi ni kanuni za kilimo cha pamba. Mlipewa na ushirika."

"Ruka mbele. Huko lazima apande meli."

Mwalimu aliruka mbele, akarudi nyuma, akafunua karatasi moja moja mpaka jalada la mwisho. Hapakuwa na bahari. Hapakuwa na Mfaransa.

Malimi alikichukua kitabu chake, akatoka nje, akasimama uwanjani peke yake.

"Sasa wewe Eufrasia," alisema, "ulimnyonga au ulimwachia?"