Majibu ya Mwanaidi

Siku hizi majibu ya damu hufunguka kwanza kwenye simu ya mkubwa wa nyumba, naye ndiye huyapitisha kwa mgonjwa. Ya mjukuu wangu Mwanaidi yaliingia muhogo ukitokota. Niliyasoma polepole, nikarudia, kisha nikaifunika simu kwa kawa.

"Bibi, simu yangu inasema umeshayasoma."

"Njoo ule kwanza, mke mwenzangu."

"Yangekuwa mazuri ungeshapiga vigelegele."

Nilimpakulia muhogo wa nazi, nikamchagulia vipande laini visivyo na nyuzi. Alikula vyote bila kuniangalia. Akanawa, akafunua kawa, akanipa simu yangu.

"Haya, pitisha. Ila nishike mkono."

Mkono mmoja nilimpa. Wa pili ulikuwa juu ya kioo, na kidole hakikushuka.