Fimbo ya Ngiri

Siku ya sikukuu, Mama Kware alimpeleka bintiye kwenye bustani ya michezo. Ngiri, bawabu wa mtelezo, akampima kifaranga kwa fimbo yake.

"Mfupi. Arudi akikua."

"Akue vipi, kaka? Mimi mwenyewe niliyekua nimeishia hapa!"

"Sheria ni sheria. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa Twiga mdogo. Ngiri hakuinua hata fimbo. "Wewe umezidi. Kaa kando."

Twiga akaenda kando, akamkuta kifaranga analia. "Hata mimi nimekataliwa," akamwambia, akainamisha kichwa mpaka kwenye nyasi. "Panda."

Kifaranga akapanda, shingo ikainuliwa, naye akateleza mpaka mkiani, akaangukia nyasi kwa kicheko kilichowavuta watoto wote waliokataliwa. Foleni ya Twiga ikawa ndefu kuliko ya mtelezo.

Jioni Ngiri akaja, amemshika mkono mwanawe mfupi, ambaye fimbo ilikuwa imemkataa tangu asubuhi. Zamu yao ilipofika, kwa mazoea akamsimamisha wima na kumvuta masikio juu.

"Mbona unamnyoosha, mjomba?" akauliza kifaranga. "Huku anapanda tu."