Mkeka Usiopendeza

Siku ya ukaguzi, wanawake wa mji ule walitandika mikeka yao uwanjani, kila mmoja akasimama nyuma ya mkeka wake. Sheria ilikuwa moja: kazi ya mtu isimtie mwenzake haya. Mkeka uliozidi mingine kwa uzuri huchanwa, na aliyeusuka hukatwa kidole gumba.

Mwanamize aliujua mkono wake, kwa hiyo safari hii alikosea makusudi. Kila alipofika katikati ya ukili, ule utepe uliosukwa wa kushonea mkeka, aliruka jani moja, ili mkeka uchukize.

"Umeuharibu kweli?" alinong'ona dada yake Hadia, mkono wake wa kulia kaufunika kwa kanga.

"Nimeuharibu, dada, mpaka nimeona aibu."

Mkaguzi, Bi Shumbana, alikuja taratibu, mkono mmoja umeshika mkasi, mwingine umo ndani ya buibui kama kawaida yake. Akafika kwa Mwanamize, akasita. Jua lilikuwa limepanda, na pale majani yaliporukwa makosa yote yalishika mwanga kwa pamoja, mkeka mzima ukawa kama maji yanayotembea.



"Nani kakufundisha hivi?"

"Nimekosea, Bi. Wallahi nimekosea tu."

Bi Shumbana akavua viatu, akapiga magoti juu ya mkeka. Akautoa ule mkono wa ndani ya buibui, akaupapasa mkeka polepole, kama anayempapasa mtoto aliyelala. Mkono ule haukuwa na gumba.

"Lete mkono," akasema bila kuinua macho. Mkasi ulikuwa wazi.