Wenye Simu Kuukuu

"Hii ni simu ama sabuni ya kipande?" Apondi aliuliza, akiisukuma kwa ncha ya ukucha.

Masinde, aliyemwandikia programu, aliirudisha hiyo simu kuukuu ya majaribio katikati ya meza. "Madam, hata wewe ulikuwa na kama hii."

"Nikaigawa. Sikukaa nayo kama urithi."

Kampuni ya Apondi ilikuwa chumba kimoja Donholm, juu ya duka la dawa. Kazi yake ilikuwa moja: gari la shule likimshusha mtoto, ujumbe unaingia kwa simu ya anayempokea, simu hiyo moja tu, si nyingine. Kule mtaa wa Pipeline gari haliwezi kuingia katikati ya maploti, yale maghorofa ya kupanga yaliyobanana. Dereva humshusha mtoto barabarani, kisha huenda zake, na mtu hushuka ghorofani mbio kumchukua.

Masinde aliomba mwaka mmoja. "Tukihamia mtambo mpya wa kuundia programu, simu za zamani hazitaweza kuitumia, zitanyamaza. Tubaki na ule wa kwanza kidogo. Ama basi tuwaambie wenyewe kabla ya kuzima."

Apondi alicheka kwa pua, kile kicheko cha mtu aliyeshiba. "Tusukume mkokoteni kwa sababu ya watu wawili watatu? Mtu simu imefungwa na raba, na anataka mtoto abebwe na gari. Wajipange. Zima leo."

"Angalia kwanza ni akina nani."

"Nijaze kichwa na majina ya maskini? Zima, Masinde."

Masinde akazima.

Alasiri hiyo Kibibi alikuwa ghorofa ya sita, Pipeline, akianua nguo za Winny. Mvua ilikuwa imeanza. Viatu vya mvua vya mtoto vilikuwa tayari mlangoni, vidogo, vya chekechea. Simu aliiweka juu ya sinki, sauti imefunguliwa yote.

Haikulia. Ni foleni, alijiambia. Ikinyesha huwa hivyo.

Uji wa Winny ukashika ngozi juu. Taa za chini zikaanza kuwaka.

Donholm, Apondi alikuwa bado anamcheka Masinde, simu mpya ya Apondi mwenyewe ilipolia. Akaipokea kwa spika, watu wasikie inavyotoa sauti safi.

"Mama Winny, samahani kukusumbua kazini," Kibibi alisema. "Ile simu yako ulinipa haijalia mpaka saa hii. Kwani leo mtoto umemchukua wewe?"