Kipindi cha Kwanza

Gari la Mkaguzi liliposimama nje, darasa zima la chekechea lilikuwa limelala sakafuni.

"Waamshe, Mwalimu!" alinong'ona mama mpika uji. "Huyu atatufungia darasa."

Mwalimu Theodora aliwatazama. Tangu alfajiri watoto hao walikuwa shambani wakiwinga ndege kwenye mtama. Aliyelala karibu naye alikuwa bado amefumbata bonge la udongo la kurushia ndege.

Ubaoni, ratiba ya siku nzima ilianza na "Nyimbo". Theodora alilifuta neno hilo kwa kiganja, akaandika "Kulala". Chaki ilimkatikia mkononi.

Mlango ukafunguliwa. Mkaguzi akausoma ubao, akakunja uso.

"Karibu, Bwana Mkaguzi," alisema Theodora kwa sauti ya chini. "Naomba uvue viatu."